Kurudisha moshi kuwa mafuta: jua linalipa, metali inachagua

Kila baada ya miezi michache habari ileile huzunguka upya kwenye simu za watu: wanasayansi wametengeneza petroli kwa hewa na jua. Mara nyingi si uongo. Kinachoachwa nje ni kwamba hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksaidi, si mafuta yanayosubiri kuchomwa. Ni majivu. Ni kile kinachobaki baada ya kuni, mkaa, dizeli au gesi kwisha kutoa joto lake. Anayetaka kuyarudisha majivu kuwa kuni hana budi kulirejesha joto lile, senti kwa senti, na juu yake alipie hasara za njiani.

Deni hilo linapimika. Gramu 28 za kaboni monoksaidi zikiungua hutoa kilojuli 283. Kuipata tena gesi hiyo kutoka kwenye gramu 44 za hewa ya ukaa kunadai kilojuli 283 zilezile, na hakuna ujanja wa kupunguza hata moja. Mlipaji ni jua. Metali, ambayo hapa ni kichocheo, yaani kitu kinachorahisisha mabadiliko bila chenyewe kuliwa, hailipi kitu. Kazi yake ni kuchagua kitakachonunuliwa kwa malipo hayo: kaboni monoksaidi, metani, ethilini, asidi ya fomiki, au haidrojeni ambayo hukuiomba.

Elektroni moja ghali, mbili nafuu

Molekuli ya hewa ya ukaa imenyooka kama rula: kaboni katikati, oksijeni huku na huku, na kila kifungo kina nguvu ya takriban kilojuli 800 kwa moli (gramu 44 za gesi hiyo). Malipo yenyewe hutolewa kwa elektroni, yaani kwa umeme. Ukitaka kuipa elektroni moja tu ndani ya maji, unahitaji msukumo wa volti −1.9, kwa sababu elektroni hiyo inailazimisha molekuli ijikunje. Elektroni zikiingia mbilimbili zikifuatana na protoni (haidrojeni iliyovuliwa elektroni), hesabu hubadilika: kufikia kaboni monoksaidi ni volti −0.53, kufikia metani ni −0.24. (Vipimo hivi ni vya maji yasiyoegemea asidi wala magadi, dhidi ya elektrodi ya kawaida ya haidrojeni, ambayo ndiyo sifuri ya kipimo.)

Kichocheo kinafanya kazi ndani ya pengo hilo. Atomu za juu ya metali huishika molekuli ikiwa tayari imejikunja, hivyo elektroni ya kwanza haiingii kwa mabavu. Bei ya bidhaa inabaki palepale. Kinachopungua ni rushwa inayotolewa njiani.

Sasa tazama namba nyingine: protoni za maji hugeuka haidrojeni kwenye volti −0.41. Yaani njia ya haidrojeni ipo katikati ya njia zetu zote, na ni fupi mno, elektroni mbili tu kisha kiputo kinapaa. Kaboni monoksaidi nayo inataka mbili. Methanoli inataka 6, metani 8, na ethilini 12 kwa kila molekuli mbili za hewa ya ukaa. Kwa volti peke yake metani ingeonekana rahisi kuliko kaboni monoksaidi, lakini elektroni nane na protoni nane hazifiki kwa pamoja. Kila hatua ina mahali pa kupotelea.

Mshiko

Kwa nini metali hii itoe gesi hii na ile itoe nyingine? Kinachotawala zaidi ni jinsi uso wa metali unavyoishika kaboni monoksaidi, ambayo ndiyo kituo cha kwanza cha safari. Ni kama kumshika ndege mkononi. Dhahabu na fedha hulegeza: kaboni monoksaidi ikishaumbika inaruka, na hiyo ndiyo bidhaa. Platini, chuma na nikeli hukaza: kaboni monoksaidi inang'ang'ania uso mzima, nafasi zinakwisha, na umeme unaishia kwenye haidrojeni. Risasi na bati huishika molekuli kwa upande wa oksijeni, hivyo hutoa fomati, chumvi ya asidi ya fomiki.

Shaba imesimama katikati. Inaishika kaboni monoksaidi vya kutosha isiruke, lakini si kiasi cha kuziba, kwa hiyo ile iliyobaki usoni hupokea haidrojeni na kuwa metani, au mbili zinaungana na kuwa ethilini na ethanoli. Yoshio Hori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walilionyesha hilo mwaka 1985. Katika vipimo walivyochapisha mwaka 1994, kwa mkondo wa miliampea 5 kwa sentimita ya mraba, dhahabu ilipeleka asilimia 87 ya umeme kwenye kaboni monoksaidi, bati asilimia 88 kwenye fomati, platini karibu 96 kwenye haidrojeni. Shaba iligawa: 33 metani, 25 ethilini, 20 haidrojeni, zilizosalia ethanoli na vitu vingine vidogovidogo. Hakuna metali nyingine tupu iliyoifikia kwa kutoa hidrokaboni kama metani na ethilini, na kwa msomaji wa Kiswahili kuna utamu wa pembeni: Katanga, kunakochimbwa sehemu kubwa ya shaba ya Kongo, iliitwa rasmi mkoa wa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997.

Udhaifu wa shaba ni huohuo utajiri wake. Inatoa bidhaa zaidi ya kumi kwa pamoja, na kuzitenganisha kuna gharama ambayo vichwa vya habari havitaji.

Jaribio lenyewe, kwa karibu

Jaribio la kawaida la maabara hufanyika kwenye chombo cha kioo chenye vyumba viwili vilivyotengwa kwa utando unaopitisha ayoni, yaani chembe zenye chaji. Utando si pambo: bila huo, ethanoli iliyotengenezwa upande wa kathodi (elektrodi inayotoa elektroni, hapa shaba) huvuka hadi anodi (elektrodi ya chumba cha pili) na kuunguzwa kuwa hewa ya ukaa tena, na oksijeni ya anodi inakuja kunywa elektroni zako.

Myeyusho ni gramu 10 za potasiamu baikaboneti, chumvi iliyo jamaa wa magadi, kwa lita moja ya maji yasiyo na chumvi yoyote. Hewa ya ukaa hupulizwa humo nusu saa mpaka pH itulie karibu 6.8. Isipotulia, ama mtungi unavuja kwenye regyuleta ama mrija haujafika chini. Bamba la shaba la sentimita moja ya mraba husuguliwa kwa msasa laini, likang'arishwa kwa umeme ndani ya asidi ya fosforiki, likasuuzwa na kuingizwa mara moja kabla halijafubaa. Kisha mkondo wa miliampea 5 unawashwa, gesi ikiendelea kupita taratibu, kama mililita 20 kwa dakika, na kinachotoka juu kinapelekwa kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha gesi na kupima kila moja, kila robo saa.

Unapata kiasi gani? Miliampea 5 kwa saa moja ni kulombi 18 za umeme, sawa na milimoli 0.187 za elektroni. Theluthi yake ikienda kwenye metani, ukagawa kwa nane, unabaki na mikromoli karibu 8, yaani takriban miligramu 0.12. Kujaza uzito wa mtungi mdogo wa kilo 6 kwa kasi hiyo kungechukua zaidi ya miaka 5,500. Kwa hiyo ukisoma kwamba kichocheo kipya kina "ufanisi wa asilimia 90", uliza asilimia ya nini. Mara nyingi ni asilimia ya elektroni zilizokwenda kwenye bidhaa moja. Haisemi zilikuwa elektroni ngapi, wala volti ngapi zilitumika kuzisukuma.

Mambo hayakai sawa kwa muda mrefu. Katika nusu saa ya kwanza shaba huanza kusahau kazi: metani inashuka, haidrojeni inapanda. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni masizi yanayojijenga juu ya uso. Kundi la Hori lilionyesha kwamba chanzo kikubwa ni uchafu wa chuma na zinki uliomo kwenye chumvi yenyewe, hata ile ya daraja la maabara. Ayoni hizo, japo ni chembe katika milioni au pungufu, huvutwa na kathodi na kuipaka shaba tabaka la chuma, na chuma tumeshaona kinatoa nini. Dawa ni kuusafisha myeyusho kwanza kwa kupitisha mkondo mdogo kwenye elektrodi ya kutupa, usiku kucha ikibidi. Kosa jingine la wanaoanza ni kutumia anodi ya platini. Platini huyeyuka kidogokidogo, baadhi ikavuka utando, ikatua juu ya shaba na kugeuza kila kitu kuwa haidrojeni.

Dalili nyingine ni jumla isiyofika mia. Ukijumlisha asilimia za bidhaa zote ukapata 80, usikimbilie kudai umegundua bidhaa ya siri. Angalia kwanza mirija na vifuniko, kwa sababu hewa inayopenya huleta oksijeni, na oksijeni hula elektroni kuliko kitu kingine chochote humo ndani.

Chumvi inayoziba

Lita moja ya maji ya nyuzi 25 hubeba gramu 1.45 tu za hewa ya ukaa. Ukiongeza mkondo, gesi iliyo karibu na shaba inakwisha kabla nyingine haijafika. Ndiyo maana viwanda vinavyojaribu njia hii vimeacha bamba lililozama na kuchukua karatasi ya kaboni yenye vitundu, iliyopakwa kitu kisichopenda maji kama kile cha kikaango kisichogandisha. Upande mmoja kuna gesi, upande wa pili maji, kichocheo katikati. Kwa mpangilio huo mkondo unapanda hadi miliampea 200 na zaidi kwa sentimita ya mraba.

Lakini hapo ndipo adui mwingine anapoingia. Kila elektroni inayotumika inaacha haidroksidi moja (maji yaliyonyang'anywa protoni), na haidroksidi hainyamazi: mbili zinakamata hewa ya ukaa moja na kuifanya kaboneti. Fanya hesabu. Kaboni monoksaidi moja hutumia elektroni mbili, inaacha haidroksidi mbili, na hizo zinameza hewa ya ukaa moja nyingine. Nusu ya gesi uliyoingiza imepotea. Ethilini ni mbaya zaidi: molekuli mbili zinageuzwa, haidroksidi 12 zinabaki, sita nyingine zinamezwa. Kati ya nane ulizoingiza, mbili tu ndizo mafuta. Kaboneti ikikutana na potasiamu inaganda kama chumvi nyeupe ndani ya vitundu vya karatasi, gesi inazibwa, maji yanafurika upande usio wake, na seli, yaani chombo kizima, inakufa baada ya saa kadhaa au siku chache. Kusuuza kwa maji kila baada ya muda kunasaidia. Kutumia myeyusho wa asidi kunarudisha gesi iliyomezwa, ila protoni nyingi ni mwaliko kwa haidrojeni. Anayesuluhisha jambo hili atakuwa amefanya kubwa kuliko anayetangaza kichocheo kipya kila mwezi.

Jua linaingilia wapi

Hadi hapa tumesema umeme. Jua linaweza kulipa kwa njia tatu, na hazilingani.

Ya kwanza ndiyo inayopendeza kwenye picha: unga ndani ya maji juani, bila waya. Akira Fujishima na Kenichi Honda walipasua maji kwa titani dioksaidi na mwanga mwaka 1972. Mwaka 1979 Fujishima na wenzake wakaonyesha kwamba unga wa namna hiyo, ukielea kwenye maji yenye hewa ya ukaa, unatoa formaldehaidi, methanoli na metani kidogo. Titani dioksaidi ndiyo inayotia weupe kwenye rangi ya ukutani, ni rahisi na haina sumu. Taabu ni kwamba inakula mwanga wa chini ya nanomita 388 pekee, na sehemu hiyo ya urujuanimno ni kama asilimia 4 au 5 tu ya nishati ya jua. Zaidi ya hapo, elektroni iliyoamshwa na tundu ililoliacha viko ndani ya punje moja, na vingi vinarudiana kabla ya kufanya lolote. Punje za platini, shaba au fedha hubandikwa juu ya unga ili ziikamate elektroni haraka. Hata hivyo mavuno huhesabiwa kwa mikromoli kwa gramu kwa saa.

Katika njia hii kuna mambo mawili ya kuwa macho nayo. Wengi huongeza kemikali ya kutoa elektroni, kama triethanolamini, badala ya kuyavua maji oksijeni. Hapo mafuta hayatoki kwa jua na maji tena. Yanatoka kwa kemikali inayoliwa, ambayo ina thamani kuliko mafuta yenyewe. La pili, unga uliotengenezwa kwa viambato vya kaboni hubeba mabaki, na mwanga huyavunja yakatoa metani na kaboni monoksaidi ambazo hazikutoka kwenye gesi kabisa. Kipimo cha haki ni kurudia jaribio kwa hewa ya ukaa yenye kaboni-13, kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida. Metani halali itaonekana kwenye uzito wa 17 badala ya 16. Isipohama, ulichokuwa unapima ni uchafu wako.

Njia ya pili ni joto. Vioo vinalikusanya jua kwenye mnara hadi nyuzi 1,500, oksidi ya seriamu inaachia sehemu ndogo ya oksijeni yake, kisha inapozwa hadi chini ya nyuzi 1,000 na kupewa hewa ya ukaa na mvuke, ikazinyang'anya oksijeni. Kinachotoka ni kaboni monoksaidi na haidrojeni, mchanganyiko ambao Franz Fischer na Hans Tropsch waliufanya mafuta huko Ujerumani miaka ya 1920, kwa kobalti na chuma. Kundi la chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi, liliufanyia kazi mfumo mzima kwenye mnara wa Móstoles, karibu na Madrid, wenye vioo 169, na mwaka 2022 likaripoti kwamba asilimia 4.1 ya nishati ya jua iliyofika kwenye tanuri iliingia kwenye gesi. Sehemu kubwa ya hasara ni kupasha na kupoza jiwe lilelile kila mzunguko.

Ya tatu ni paneli za sola za kawaida zinazolisha kifaa cha umeme. Haina mvuto wa picha, lakini ndiyo iliyo mbele, na sababu ni ya fundi: paneli ikichakaa unabadili paneli, elektrodi ikiziba unabadili elektrodi. Unga wa ndani ya maji ukiharibika, umeharibika wote.

Wapo wanaoikwepa shaba kabisa. Paneli hupasua maji, kisha haidrojeni hupitishwa pamoja na hewa ya ukaa juu ya nikeli yenye nyuzi 300 hadi 400. Hii ni kazi ya Paul Sabatier, aliyepata Nobeli mwaka 1912. Swali la haki ni hili: si tumesema nikeli inakaza mno? Inakaza ikiwa baridi. Kwenye nyuzi 300 joto lenyewe huitikisa kaboni monoksaidi, na haidrojeni inaimalizia. Vijidudu vya kilindi cha Ziwa Kivu havina joto hilo, lakini kimeng'enya chao cha kutengeneza metani nacho kina nikeli moyoni, na sehemu ya metani inayochomwa Rwanda kupata umeme ilianza kama hewa ya ukaa ya volkano.

Nikeli ina masharti. Lazima ianze kwa kusafishwa na haidrojeni ya moto ili oksidi iwe metali. Chembe za salfa huiua moja kwa moja, kwa hiyo gesi ya samadi au ya visima vya jotoardhi haiingii bila kuchujwa. Kila moli ya metani hutoa kilojuli 165, na joto lisipoondolewa linapita nyuzi 500, punje zinaungana na metani inaanza kurudi nyuma. Kubwa zaidi ni usalama: nikeli ikikutana na kaboni monoksaidi chini ya nyuzi 200 hivi, inaweza kutoa nikeli kabonili, gesi yenye sumu kali kupindukia. Ndiyo maana mtambo unapozimwa hupoozwa ukiwa na naitrojeni ndani badala ya gesi hiyo. Kaboni monoksaidi nayo haina harufu wala rangi, ndiyo ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, hivyo king'ora chake si kitu cha hiari.

Hesabu ya mita moja ya mraba

Chukua paneli ya mita moja ya mraba, jua zuri la saa tano, ufanisi wa asilimia 20. Unapata uniti moja ya umeme kwa siku. Ukiipeleka kwenye seli ya fedha inayotumia volti 3 na kuingiza asilimia 90 ya elektroni kwenye kaboni monoksaidi, unavuna gramu 157, ukiwa umegeuza gramu 246 za hewa ya ukaa. Ukichukua njia ya nikeli unapata haidrojeni gramu 20 hivi, na humo metani gramu 40. Hewa ya kawaida ina gramu 0.75 tu za hewa ya ukaa kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo zile gramu 246 ni hewa ya zaidi ya mita za ujazo 320, kama hukupoteza hata kidogo. Ndiyo maana mitambo ya kweli huanza penye gesi nzito: mapipa ya kuchachushia pombe, tanuri za saruji, visima vya jotoardhi. Kiwanda cha methanoli cha Svartsengi, Iceland, kilichoanza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 2010, kilikaa karibu na mtambo wa jotoardhi kwa sababu hiyo. Kichocheo chake kilikuwa shaba na oksidi ya zinki, na umeme wake haukuwa wa jua.

Gramu 40 za metani zinarudisha zaidi kidogo ya nusu ya uniti, na jiko la gesi linapoteza tena nyingine pembeni mwa sufuria. Mwenye paneli na jiko la umeme hana sababu ya kupita huku kote. Sababu ipo kwenye kitu kisichoweza kubeba betri: kilo moja ya mafuta ya ndege ina megajuli 43, betri ya kawaida ya lithiamu haifiki moja. Mtambo wa jua wa DAWN uliozinduliwa mwaka 2024 huko Jülich, Ujerumani, ambao kwa sasa unachanganya hewa ya ukaa na gesi ya taka badala ya kuitegemea peke yake, umekusudiwa kutoa lita elfu chache za mafuta kwa mwaka. Ndege ya abiria ya ukubwa wa Boeing 737 humaliza kama lita 3,000 kwa saa.